Kutoka Kitabu cha Karani hadi Tovuti: Historia ya Mahali pa Kukatia Tiketi ya Treni

Utangulizi

Mwanafunzi wa Uganda anayetaka kufika Mombasa kwa treni hupanda basi hadi Nairobi kwanza, kwa kuwa hakuna treni ya abiria inayotoka Kampala kwenda pwani. Kabla hajafunga mzigo ana swali la kujibu: akate tiketi wapi? Shirika la reli lina tovuti yake. Wapo mawakala wa safari wenye kurasa zao. Wapo pia watu binafsi wanaotangaza namba za simu na kuahidi "kukukatia" kwa ada ndogo. Wengi wetu hulijibu swali hili kwa kuangalia ukurasa upi unafunguka upesi au upi una picha nzuri za mabehewa.

Katika insha hii ninadai kwamba hili ni swali la kihistoria kuliko la kiteknolojia. Tovuti ni dirisha la tiketi, na dirisha la tiketi lina historia ya karibu miaka 200. Katika kipindi chote hicho watu wamegombania mambo yaleyale: nani ana haki ya kuuza, nani anafaidika na tofauti ya bei, nani atawajibika fedha zikipotea, na nani atabaki nje ya dirisha. Nitaanzia Uingereza, kwa sababu reli ya Waingereza ndiyo iliyotuletea tiketi tunayoifahamu, kisha nitakuja Afrika Mashariki, na mwisho nitaonyesha namna historia hii inavyoweza kumsaidia abiria wa leo kuchagua.

Jina, kisha namba

Kabla ya reli, Mwingereza aliyesafiri kwa gari la farasi alikwenda kwenye ofisi ambako karani aliandika jina lake kitabuni. Reli za kwanza ziliiga utaratibu huo. Karani aliandika kila tiketi kwa mkono kwenye karatasi, abiria mmoja baada ya mwingine. Kazi ilikuwa ya polepole, na ilikuwa na kasoro nyingine: mwenye reli hakuwa na njia ya hakika ya kujua kama fedha zote alizopokea karani zilifika kwenye sanduku la kampuni.

Aliyetatua tatizo hilo ni Thomas Edmondson, fundi wa samani aliyefilisika na kwenda kufanya kazi ya ukarani mwaka 1836 katika stesheni ndogo ya reli ya Newcastle na Carlisle. Alibuni tiketi ya kadi ngumu, ndogo ya kuenea kiganjani, iliyochapwa mapema majina ya stesheni na namba ya mfululizo. Alitengeneza pia mashine ya kugonga tarehe. Jioni, msimamizi aliangalia namba ya kwanza na ya mwisho zilizouzwa, akazidisha kwa nauli, akajua karani anapaswa kuwa na kiasi gani. Edmondson alizitoza kampuni za reli shilingi 10 kwa mwaka kwa kila maili ya njia iliyotumia mfumo wake. Uingereza ilitumia kadi za aina hiyo hadi mwaka 1990.

Ninaomba tuyatazame mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, tiketi ya kisasa haikubuniwa kwa ajili ya raha ya abiria. Ilibuniwa ili mwenye reli amwone karani. Abiria alinufaika, lakini kwa njia ya pembeni: foleni ilikwenda haraka, na alibaki na ushahidi mkononi. Pili, jina la abiria lilifutwa. Mahali pake pakawekwa namba. Aliyeshika kadi ndiye aliyekuwa na haki ya kupanda, awe tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni. Kama tutakavyoona, tovuti zimelirudisha jina lile.

Kampuni za Uingereza zilipoongezeka, msafiri mmoja aliweza kupita kwenye reli za kampuni tatu kwa tiketi moja. Nauli igawanywe vipi? Mwaka 1842 kampuni hizo zilianzisha ofisi ya pamoja mjini London, Railway Clearing House, ambayo makarani wake walihesabu tiketi zilizokusanywa na kuipa kila kampuni fungu lake. Kwa hiyo mapema kabisa aliyeuza tiketi hakuwa lazima ndiye aliyeendesha treni. Kati yao ilihitajika hesabu iliyo wazi.

Wakati huohuo alizaliwa wakala. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook alipanga treni maalumu ya kuwapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa wapinga ulevi, kwa shilingi moja kila mtu. Cook hakuwa na treni wala reli. Alikuwa na jina lake, na kila abiria alijua ni nani wa kumuuliza mambo yakiharibika. Ninamtaja ili nisieleweke kwamba kila mtu wa katikati ni mlanguzi. Kuna wakala anayejulikana na kuna anayejificha, na tofauti yao ni kubwa.

Dirisha katika Reli ya Uganda

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kampala iliipata mwaka 1931. Pamoja na injini na mataruma, ilikuja tiketi ya kadi, na pamoja na kadi likaja dirisha. Lakini dirisha la koloni halikuwa kama la Uingereza. Uingereza madaraja yaligawa watu kwa fedha. Huku yaligawa watu kwa fedha na kwa rangi pamoja. Wazungu walisafiri daraja la kwanza, Wahindi wengi walikaa daraja la pili, na Waafrika walisongamana daraja la tatu.

Jambo la pili ni utambulisho. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi yake. Tiketi yenyewe haikuwa na jina, lakini mwenye kushika tiketi alikuwa na kipande, na asiye na kipande hakuwa huru kutembea. Ninalikumbusha hili kwa sababu leo tunaandika namba ya kitambulisho kwenye tovuti ya treni bila kufikiri mara mbili. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kipande kilikuwa chombo cha kumtawala mfanyakazi wa rangi moja, na kitambulisho cha leo ni cha kila raia. Ninasema tu kwamba katika eneo letu, kuulizwa "wewe ni nani?" kabla ya kusafiri hakukuanza na intaneti.

Reli iliunganishwa kuwa shirika moja la Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1948. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vipande vyake vya reli, na miaka ya uchakavu ikafuata. Uganda ilisimamisha treni za abiria mwaka 1997. Zilizorudi kuanzia mwaka 2015 ni za watu wa kwenda kazini na kurudi pembezoni mwa Kampala. Matokeo yake ni kwamba kizazi changu nchini Uganda kilikua bila dirisha la treni. Tulijifunza kusafiri kwenye kituo cha basi, ambako tiketi hupatikana kwa kumfuata mpiga debe anayekushika mkono na kukuvuta kwenye basi lake. Tumezoea kwamba kati ya abiria na gari lazima awepo mtu, na kwamba bei ni ile utakayokubaliana naye. Tabia hiyo tumeihamisha hadi kwenye simu zetu. Mpiga debe wa leo hakushiki mkono. Anakutumia kiungo.

Uingereza tena: madirisha mengi, treni moja

Funzo la madirisha mengi linapatikana vizuri Uingereza, ambako reli iliyokuwa mali ya umma tangu mwaka 1948 ilibinafsishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Treni za abiria ziligawiwa kampuni zaidi ya 20. Ilihofiwa kwamba msafiri wa safari ndefu angelazimika kuzunguka kutoka kampuni moja hadi nyingine, na kwamba kila karani angesifia treni za kwao tu. Kwa hiyo kampuni zilifungwa na makubaliano ya mwaka 1995 yaliyozitaka kuuziana tiketi na kugawana mapato, kazi ileile ya ofisi ya mwaka 1842.

Mwaka 1997 ilianzishwa Trainline, kampuni ya kuuza tiketi isiyoendesha treni yoyote, na muda si mrefu ikaingia kwenye intaneti. Ilifanikiwa sana kwa sababu abiria aliona treni zote mahali pamoja. Ila kwa tiketi nyingi hutoza ada juu ya nauli, na tiketi hiyohiyo, ya treni hiyohiyo, mara nyingi hupatikana bila ada kwenye tovuti ya kampuni yoyote ya treni. Abiria wengi hawalijui hilo. Wanadhani tovuti mashuhuri ndiyo tovuti ya reli. Reli inaporudishwa sasa mikononi mwa umma, serikali ya Uingereza imetangaza kwamba shirika jipya, Great British Railways, litakuwa na tovuti na programu yake ya kuuzia tiketi. Baada ya miaka 30 ya madirisha mengi, mwenye reli anataka tena dirisha lake.

Jina linarudi: Kenya na Tanzania

Tarehe 31 Mei 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizindua treni ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi. Safari iliyokuwa ikichukua usiku mzima kwa reli ya zamani ikawa ya saa tano hivi. Watu walikuwa wengi kuliko viti. Mwanzoni tiketi zilikatwa dirishani stesheni, na foleni zilikuwa ndefu. Baadaye ukaja utaratibu wa kukata kwa simu na kwa tovuti na kulipa kwa M-Pesa. Abiria alitakiwa aandike jina na namba ya kitambulisho au pasipoti, na vitambulisho hukaguliwa stesheni. Namba ya Edmondson ikaungana tena na jina la kitabu cha karani.

Sababu yake inaeleweka. Penye viti vichache na wahitaji wengi, kadi isiyo na jina ni zawadi kwa mlanguzi. Anainunua asubuhi na kuiuza jioni kwa bei maradufu. Tiketi yenye jina haiuziki hivyo. Lakini jina halikumaliza udanganyifu wote. Novemba 2018, maofisa wa kupambana na ufisadi wa Kenya waliwakamata wafanyakazi kadhaa wa stesheni ya Mombasa, Wakenya na Wachina, kwa tuhuma za udanganyifu katika mauzo na marejesho ya tiketi. Edmondson angelitambua tatizo hilo mara moja, maana ndilo lililomfanya abuni namba.

Mwaka 2023 ulileta somo jingine. Serikali ya Kenya iliagiza malipo ya huduma zake yapitie mfumo mmoja wa eCitizen. Mwishoni mwa Julai mwaka huo mfumo huo ulishambuliwa na wadukuzi, na miongoni mwa huduma zilizoripotiwa kuyumba ilikuwa ukataji wa tiketi za treni. Reli ilikuwa nzima na injini zilikuwa tayari, ila dirisha lilikuwa limefungwa na mtu aliyekaa mbali.

Tanzania ilianza safari za abiria za reli yake ya umeme kutoka Dar es Salaam katikati ya mwaka 2024, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi huko Dodoma tarehe 1 Agosti. Shirika la Reli Tanzania lilianza likiwa tayari na tovuti ya kukatia tiketi, pamoja na madirisha ya stesheni. Kwa hiyo nchi zote mbili zina kitu ambacho Uingereza ilikipoteza kwa miaka mingi: shirika moja la umma lenye dirisha lake lenyewe. Hili ndilo linalorahisisha uchaguzi wetu, tukijua cha kuuliza.

Maswali manne ya kuchagulia

Historia niliyoieleza inanipa maswali manne ya kuuliza kabla ya kulipa kwenye tovuti yoyote ya treni.

La kwanza: aliye nyuma ya dirisha ni nani? Mwenye treni, wakala anayejitambulisha, au mtu asiyejulikana? Mwonekano wa ukurasa si ushahidi, kwa kuwa nembo ya shirika inaweza kunakiliwa kwa dakika moja. Mwisho wa anwani nao hautoshi. Anwani za .go.ke na .go.tz zimetengwa kwa ajili ya serikali, lakini .co.ke anaweza kuisajili mtu yeyote, na mashirika ya reli yenyewe hutumia anwani za namna hiyo pia. Njia iliyo salama ni kuanzia kwa shirika: kwenye tangazo lake, kwenye ukurasa wake mkuu, au kwenye bango la stesheni, na kuandika anwani hiyo mwenyewe badala ya kufuata kiungo ulichotumiwa.

La pili: tofauti ya bei inakwenda kwa nani? Nauli za treni za umma hutangazwa. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nauli ya Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa kuwa shilingi 1,500 za Kenya kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza. Tuseme ukurasa fulani unakudai 1,900 kwa kiti cha kawaida. Zile 400 ni za mtu, na una haki ya kujua ni za kazi gani. Kama wakala anakupangia pia basi, hoteli na mtu wa kukupokea, huenda zinastahili. Kama anaandika tu jina lako mahali ambapo ungeweza kuliandika mwenyewe, unamlipa mpiga debe.

La tatu: nani atanirudishia fedha? Kila mwenye reli ana masharti yake ya kubadilisha siku au kufuta safari, na yanasomwa kabla ya kulipa, si baada. Palipo na mtu wa katikati, marejesho kwa kawaida hurudi kwa njia iliyotumika kulipia. Kama tiketi yako ililipiwa kwa simu ya mtu mwingine, fedha zako zitarudi kwenye simu yake. Hapo utahitaji uaminifu wake, si masharti ya shirika.

La nne: je, dirisha hili linanikubali mimi? Hili ndilo swali ambalo vijana wa mijini hulisahau. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Lakini kitambulisho kinachonivusha Malaba hakina uhakika wa kukubalika kwenye kila fomu ya mtandaoni, na laini yangu ya simu ya Uganda haina uhakika wa kulipia kila tovuti ya Kenya au Tanzania. Mgeni anayekwama hapo ndiye anayemkimbilia mtu wa "nitakukatia", akimpa fedha na namba ya pasipoti kwa pamoja. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo humsaidia anayemjua aliyempa taarifa zake. Haziwezi kumsaidia sana aliyezituma kwa namba ambayo kesho haipatikani.

Wapo watakaonijibu kwamba ninawadai wasafiri mambo mengi, na kwamba mzee asiye na simu ya kisasa hawezi kuuliza maswali haya. Ninakubaliana nao, na ndiyo maana ninaamini kwamba dirisha la stesheni lisifungwe. Shirika linalouza tiketi zote mtandaoni hupunguza foleni, lakini pia hurudisha kitu ambacho kadi ya Edmondson ilikuwa imekiondoa, yaani abiria wa kukubaliwa na abiria wa kukataliwa. Bibi mwenye nauli yake mkononi asilazimike kumtafuta mjukuu mwenye simu ndipo apande treni iliyojengwa kwa kodi yake.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba mahali pa kukatia tiketi pamebadilika umbo mara nyingi, kutoka kitabu cha karani hadi kadi yenye namba, kutoka dirisha la daraja la tatu hadi ukurasa wa simu, lakini ugomvi umebaki uleule. Mwenye reli anataka kumwona karani, mtu wa katikati anataka fungu lake, serikali inataka kumjua msafiri, na msafiri anataka kiti chake kwa bei ya haki.

Kutokana na hayo, jibu langu kwa mwanafunzi wa Kampala ni hili. Akate tiketi kwenye dirisha la mwenye treni, la mtandaoni likimkubali, na la stesheni likimkataa. Akilazimika kumtumia wakala, amchague mwenye ofisi na jina, alipe akijua ada ni kiasi gani, na asome masharti ya marejesho kwanza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kwenye tiketi, urahisi unaofaa kuogopwa ni ule usiotaja mwenyewe ni nani.

Lugha yetu nayo imehifadhi kumbukumbu ndogo. Tunasema "kukata tiketi" hata pale ambapo hakuna karatasi, mkasi wala karani, ila kidole juu ya kioo cha simu. Neno limebaki kwa sababu kazi imebaki ileile: kutoa fedha zako leo kwa ahadi ya safari ya kesho.